Sabuni Iliyofunikwa Mno

Hebu niambie, umewahi kuambiwa pumzika, pumzika, mpaka kupumzika kwenyewe kukakuchosha?

Mama Dobi aliambiwa hivyo kwa miezi minane. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, mashuka yenye kila doa ambalo binadamu anaweza kuliacha kitandani, na yote aliyarudisha wodini meupe pe, yamekunjwa kona kwa kona. Ndipo goti lake la kushoto likaanza maneno. Akafanyiwa upasuaji, na mwanawe akaja kumchukua, yeye na mabegi yake matatu, akamleta kukaa naye. Akamweka kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, mto mgongoni, kistuli miguuni.

"Mama," akamwambia, "umefanya kazi ya kutosha. Sasa kazi yako ni kukaa."

Basi akakaa.

Kiti chenyewe hakikuwa na kasoro. Kilikuwa na mikono mipana ya kuwekea kikombe, na kilitazamana na mlango wa jikoni. Mlango huo haukufungika kwa sababu bawaba ya juu ilikuwa imekatika. Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa hakuna jokofu lililomshinda, hakuwa amepata nafasi ya kutengeneza mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo Mama Dobi, kutoka pale alipokaa, aliona meza yote ya jikoni, beseni la vyombo na nusu ya jiko. Na kila Jumamosi aliona sabuni ikitengenezwa.

Mwenye sabuni alikuwa mkwewe, mke wa Fundi. Katikati ya wiki alifanya kazi mapokezi kwenye zahanati ya meno, akiwapa moyo watu waliovimba mashavu. Jumamosi alivaa aproni, miwani ya plastiki na glovu ndefu za mpira, na hapo hakuwa tena na mchezo. Alipima mafuta kwenye mizani: ya nazi, ya mawese, ya alizeti. Alifungua dirisha, akamimina vile vipande vyeupe vya kostiki, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ndani ya maji baridi kwenye ndoo ya plastiki, pole pole, akigeuza uso pembeni. Ni kostiki ndani ya maji, si maji ndani ya kostiki. Ukibadilisha mambo hayo inakurukia usoni, na hakuna wa kumlaumu. Maji yakachemka yenyewe bila moto. Yakipoa, akayamimina kwenye mafuta, akakoroga kwa ile mashine ndogo ya mkono mpaka rojo ikawa nzito, hata ukiinua mwiko, tone linalodondoka linabaki juu kama mstari wa kalamu.

Na sabuni zake hazikuwa za hivi hivi. Zilikuwa na moyo ndani.

Moyo ulitengenezwa kwanza, wiki moja kabla. Fundi alikuwa amechukua bomba la plastiki, akalilainisha kwa mvuke, akalibana na mbao mpaka mdomo wake ukawa umbo la moyo kabisa, wenye mabega mawili juu na ncha chini. Humo mkewe alimimina rojo aliyoitia rangi kwa udongo mwekundu. Ikishaganda aliisukuma, ikatoka kama fimbo ndefu nyekundu. Fimbo hiyo aliilaza katikati ya boksi la mbao, akaizungushia rojo nyeupe pande zote mpaka ikafunikwa isionekane tena. Siku ya pili ukitoa kipande kile kirefu kwenye boksi, kwa nje unaona tofali jeupe tu, halina habari. Mpaka ukate. Ukikata, moyo huo hapo, unakutazama.

Na hicho ndicho alichokitaka Mama Dobi. Kukata.

Usimcheke. Kila mtu ana lake. Yeye kwa miaka thelathini na mmoja alifungua mafurushi, na kila furushi alijua ataonana na nini ndani yake. Sasa hapa kuna kitu unakikata hujui, halafu ghafla kuna moyo! Alitaka kuwa mtu wa kwanza kuuona, mkono wake mwenyewe ukiwa umeshika waya. Waya ule ulikuwa mwembamba, una vishikio viwili vya mti, unaushika huku na huku, unabonyeza, unashuka taratibu mpaka chini. Kipande cha kwanza katika nyumba ile kilikuwa sherehe. Mara akate mkwewe, mara akate Fundi kwa kuwa bomba ni lake. Mara akate Msusi, mdogo wa huyo mkwe, aliyepanga chumba cha uani na kulipia kwa vichekesho. Siku moja hata jirani aliyekuja kuazima ngazi alipewa waya akate! Mama Dobi yeye aliletewa kipande kwenye kisahani, pale pale kitini.

"Angalia Mama, umetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, mwanangu," alijibu, huku roho ikimwuma.

Kwa nini hakusema? Mkwe ni mkwe. Alimpenda yule binti, na hakutaka kuwa mama mkwe wa kuingia jikoni kwa watu na kuanza kudai zamu. Tena wao wenyewe walikwisha kumkataza. "Usiiguse, Mama, sabuni mbichi inachoma, na mikono yako imeshateseka sana." Walisema kwa mapenzi. Mtu akikukataza kwa mapenzi utamjibu nini?

Sasa ikafika Jumamosi moja. Mkubwa wa wauguzi pale zahanati, waliyemwita Sista Mkuu, alikuwa anastaafu baada ya wiki tano, na wenzake walimwomba mkwe atengeneze vipande ishirini vya kugawa siku hiyo ya kuagana. Sabuni ya namna hii haitaki haraka. Lazima ikae kwenye rafu wiki nne au tano, ikauke na kutulia, la sivyo ni laini na inachubua mikono. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Mkwe akapima, akakoroga, akaongeza asali vijiko viwili kwa kuwa Sista Mkuu ni mtu wa asali. Akalaza fimbo nyekundu, akafunika kwa rojo, akasawazisha juu kwa kijiko. Mwisho akatandika taulo moja juu ya boksi. Moja tu.

"Mama, mimi naenda kuoga, halafu niende dukani mara moja. Unahitaji kitu?"

"Sihitaji kitu, mwanangu."

"Hebu nikufunike miguu." Akamtandikia shuka magotini, akaondoka.

Hazikupita dakika ishirini, Fundi akaingia kuchukua bisibisi. Akapita karibu na meza, akasimama. Akaliangalia boksi na taulo lake, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mke wangu bwana! Anasema sabuni inataka joto, halafu anaiwekea kitaulo."

Akavua koti lake la kazi, lile zito lenye mifuko sita, akalifunika boksi na kulipapasa pembeni kama mtu anayelaza mtoto. Alipotoka alimwona mama yake.

"Mama, na wewe huna baridi?" Akamwongezea shali mabegani.

"Mwanangu, mimi nina joto..."

"Ndiyo vizuri, joto ni zuri kwa goti." Huyo akaenda zake.

Zamu ya Msusi ikafuata. Alikuja kutafuta chanuo lake, akaliona koti, akalisogeza, akachungulia.

"Mama, nani kaifunika hii kwa koti la gereji?"

"Mwanangu."

"Shemeji naye! Koti lina hewa kila upande. Sabuni itapata mafua." Akakimbia chumbani kwake, akarudi na blanketi la sufi. Kisha akajaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, ile anayoweka mgongoni baada ya kusimama saluni siku nzima, akaichomeka ubavuni mwa boksi. Akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. "Hapo sasa! Dada atanishukuru." Akampita Mama Dobi, akambusu kipajini, akamvutia shali mpaka shingoni, akaenda zake akiimba.

Mama Dobi alikuwa anatoka jasho la kutosha kufulia.

Akasikiliza jikoni. Akajivua shali, akajivua shuka, akasimama akishika mkono wa kiti, na kwa hatua kumi na nne akafika mezani. Akaingiza kiganja chini ya blanketi, chini ya koti, chini ya taulo, akagusa ubao wa boksi.

Ulikuwa wa moto. Si vuguvugu. Moto wa pasi.

Alijua. Mtu aliyekaa na masufuria ya kuchemshia mashuka maisha yake yote hahitaji kuambiwa joto limezidi. Angevua yale mablanketi pale pale na kadhia ingeisha. Lakini mlango wa nyuma ukalia, na Fundi akatoa macho.

"Mama! Umeinuka! Na hilo goti! Na hiyo sabuni usiiguse, inachoma!"

"Nilikuwa nataka kusema kwamba..."

"Kaa kwanza, Mama. Utasema umekaa."

Akashikwa mkono, akarudishwa kitini, shuka magotini, shali mabegani. Alipokwisha kukalishwa, Fundi alikuwa tayari nje, simu sikioni, anamweleza mtu habari za kompresa ya jokofu. Basi Mama Dobi akafunga mdomo. Kuna kunyamaza kwa uvumilivu na kuna kunyamaza kwa kununa, na kule kwake, kama tukisema kweli, kulikuwa kwa kununa. Akajikaza kisabuni, akatazama jikoni.

Kwanza ikaja harufu, asali iliyopata moto, tamu ya kukaba koo. Halafu blanketi likainuka katikati, taratibu, kama kuna paka chini yake anayejinyoosha. Kisha rojo ya manjano ikatokeza kichwa pembeni, ikasita, ikateremka kwenye mkono wa koti la Fundi.

Mkwe alikuwa ndio anaingia na mfuko wa sukari.

"Mwanangu," akasema Mama Dobi kwa utulivu, "sabuni yako inatoka."

"Inatoka vipi, Mama?"

"Imetoka. Inakoelekea sijui, lakini boksi imeshaliaga."

Mfuko wa sukari ulianguka. Mkwe akavaa miwani na glovu mbio mbio, akavuta blanketi, akavuta koti, akavuta taulo, na lile povu likapumua, puuh, kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Lilikuwa limepasuka katikati kwa urefu wote na kufura kama mkate. Akalirudisha ndani kwa mwiko, akisukuma na kubonyeza, akifuta ukingo kwa matambara, akaita feni iletwe. Watu wote wakaja. Feni ikaletwa. Lilipotulia, mkwe akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, na halikuwa jambo la kostiki.

Akamgeukia mama mkwe wake kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa. "Mama, labda ulisogea ukaifunika kidogo? Si kitu, mimi nauliza tu."

"Mimi?"

Fundi akakohoa. "Koti ni langu."

"Koti naliona ni lako, limeshalowa. Uliliweka wewe?"

"Wewe si ulisema inataka joto?"

"Joto lake mwenyewe! Inajipasha yenyewe, tena ina asali, asali inaipandisha mara mbili! Na blanketi?"

Msusi alikuwa anachunguza dari kama anataka kuipaka rangi.

"Wewe! Blanketi lako hili."

"Dada, niliona inaonewa."

"Na hii chupa ya maji ya moto?"

"Nayo pia iliona inaonewa," akasema Fundi, akicheka peke yake mpaka mkewe alipomtazama, akaacha.

"Shemeji, usinicheke, wewe ndiye uliyeanza na koti la gereji!"

"Afadhali koti. Mimi sikuichemshia maji!"

"Basi!" Mkwe akainua mkono wenye glovu. Akamrudia Mama Dobi. "Mama, wewe ulikuwa hapa. Uliwaona?"

"Niliwaona mmoja mmoja."

"Ulijua inapata moto?"

"Nilijua. Niliigusa. Ilikuwa kama pasi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliambiwa nipumzike," akasema Mama Dobi. "Nilikuwa napumzika."

Msusi ndiye aliyecheka kwanza, akashika tumbo, akakaa sakafuni. Fundi akafuata. Jibu lile lilikuwa tamu, na Mama Dobi mwenyewe alionja utamu wake kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akamwona mkwewe hacheki. Alikuwa anaokota sukari, punje kwa punje, mgongo umegeuka.

"Na ule moyo, dada?" Msusi aliuliza alipopata pumzi. "Upo bado?"

"Sijui. Umeyeyuka, au umepinda, au umekwenda kukaa kwenye kona. Hatutajua mpaka tukate kesho."

Jioni yote Mama Dobi hakuombwa radhi na hakuomba. Lakini hakuonja chai yake. Kununa kwake kumeunguza kazi ya mtoto wa watu. Na kama kulikuwa na siku moja ambayo angeweza kusema, "Nami nikate," basi siku hiyo ndiyo ameipoteza. Kwa uso gani?

Jumapili mchana wakakusanyika jikoni. Hata Mama Dobi aliletewa kiti mlangoni, kwa kuwa mambo yalikuwa mazito. Mkwe alivaa glovu, akafungua mbao za boksi, akabandua karatasi, akaliweka tofali mezani. Lilikuwa limeganda vizuri, hilo lazima lisemwe. Lakini juu lilikuwa na mikunjo na mabonde, kama shavu la mtu aliyelalia mkeka.

Waya ulikuwa pembeni. Hakuna aliyeugusa.

"Haya, kata," Fundi akamwambia mkewe.

Mkwe akaushika waya, akauweka mwanzo wa tofali, akaunyanyua tena. "Siwezi. Nikikuta hakuna moyo, Sista Mkuu nitamwambia nini? Wameniamini. Kata wewe, bomba ni lako."

"Mimi nilitengeneza bomba. Kilichotokea baada ya bomba simo." Akampa Msusi. "Shemeji, wewe una mkono mwepesi."

"Mwepesi kwenye nywele! Nywele zikiharibika zinaota tena." Msusi akaurudisha mezani kama umemwunguza. "Mimi nasema tumpelekee zima hivi hivi. Tumwambie ni tofali la kumbukumbu, ajengee."

"Hebu acha mzaha."

"Au tumwite yule jirani wa ngazi."

"Jirani wa ngazi tena!" Mkwe akacheka bila kupenda, akajifuta jicho kwa kiwiko. Kisha wakazunguka meza wote watatu, wamelitazama lile tofali kama watu wanaosubiri liseme lenyewe. Waya ulikuwa umelala pale, vishikio vyake viwili vimetazamana.

Mama Dobi akamtazama mkwewe. Siku zote yule binti alikata kwa haraka ya furaha. Leo mabega yalikuwa yameshuka. Na Mama Dobi akaona jambo ambalo, kwa miezi minane kitini, hakuwahi kuliona: wote wanauogopa ule waya, na yeye hauogopi hata kidogo. Kama ndani kuna moyo, sawa. Kama kuna kibonge chekundu kisicho na kichwa wala miguu, sawa vile vile. Angekitazama na kukikubali. Madoa mangapi amekutana nayo, akayafungulia furushi bila kufumba macho?

Akasimama. Hakushika kitu.

"Mama!" Fundi akaruka. "Unataka nini? Nikuletee maji?"

"Sitaki maji."

"Chai?" akauliza mkwe.

"Hapana."

"Mto umeteleza," akasema Msusi. "Ni mto, mimi naujua ule mto."

"Siutaki huo mto. Hata jana sikuutaka." Alifika mezani, akaweka kiganja juu ya lile tofali lenye mikunjo, na safari hii hakuna aliyemzuia, labda walishangaa, labda walikuwa wamechoka kuzuia. Likawa baridi chini ya mkono wake, zuri, gumu kiasi. Akamgeukia mkwewe. "Kwanza kabisa, mwanangu, jana nilinuna. Nilijua, nikanyamaza, na sabuni yako ikapata shida kwa sababu yangu kama kwa sababu ya hawa wawili na mablanketi yao. Hilo ni langu. Unisamehe."

"Mama, mbona hata..."

"Ngoja nimalize, kabla sijaambiwa nikae." Msusi akajiziba mdomo kwa mkono. "Kila Jumapili mnaniletea kipande kwenye kisahani. Nami nasema moyo mzuri, mzuri. Ni kweli ni mzuri. Lakini nyinyi mmeshauona."

 Mkwe akavua glovu zake ndefu, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto, akazipindua vizuri, akamshikilia wazi ile ya kwanza kama mtu anayemvisha mtoto kwenda shule. Mama Dobi akaingiza mkono. Akaingiza na wa pili. Vidole vilibaki na nafasi mbele, lakini vilitosha kushika kishikio.

"Sema, Mama," mkwe akamwambia taratibu. "Sema unachotaka."

Mama Dobi akauokota waya, akaunyoosha mbele ya kifua chake mpaka ukalia kidogo.

"Nataka kukata," akasema. "Kipande cha kwanza. Kuanzia siku ile ya kwanza mliponiweka pale kitini nimetaka kukata mimi, na hata kama moyo wenyewe umepinda kama kiatu cha mlevi, nataka mimi ndiye niuone kabla ya mtu mwingine yeyote."